Distro gani ya Linux kwa magemu: OptiPlex 7020, umeme wa kukatika na mega za kuhesabu

Mwana_Ndosho

Wakubwa zangu, jioni njema. Naomba ushauri kabla pesa haijatoka mfukoni.

Mashine ni Dell OptiPlex 7020 ya kusimama, ile ya 2014, siyo ile ya 2024 iliyopewa tena jina lilelile. Ndani kuna Core i5-4590, rami giga 8 kwa kijiti kimoja cha DDR3, SSD ya giga 240 na diski ya zamani ya giga 500. Masasisho ya Windows 10 yalifikia mwisho Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali prosesa hii. Basi nataka kuhamia Linux moja kwa moja, bila kuacha Windows pembeni.

Magemu ni manne: Counter-Strike 2, Dota 2, GTA V na FIFA. Huko Birere, hapa Goma, nimeonyeshwa kadi mbili za mitumba, GTX 1050 Ti ya giga 4 na RX 570 ya giga 4, bei hazipishani sana. Intaneti ni ruta ya 4G, mega zinanunuliwa kwa wiki. Umeme wa Goma munaujua wenyewe. Kila ninayemuuliza ananitajia distro yake, yaani toleo la Linux: Bazzite, CachyOS, Nobara, Mint, Pop!_OS. Nichukue ipi, na kadi ipi?

Fundi_Makoro

Mdogo wangu, anza na kadi. Kadi ndiyo inayochagua draiva (programu inayoifanya mashine iitumie kadi), na draiva ndiyo inayofupisha orodha ya distro.

RX 570 kwa Linux ni raha tupu. Draiva yake, amdgpu, imo ndani ya keneli (kiini cha mfumo), na upande wa Vulkan, njia ya magemu kuongea na kadi, inatumia RADV ya Mesa. Unachomeka, unawasha, unacheza. Shida ni sanduku lako. Kadi hiyo inavuta hadi watt 150, nusu kupitia ubao na nusu kupitia waya wa pini 6 au 8 kutoka kwenye pawa saplai. Pawa saplai ya 7020 ya kusimama ni watt 290 na waya huo haina. Muuzaji atakupa kiunganishi kinachochukua umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya diski. Kikatae. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja imepimwa kwa ampea 1.5. Jumla ampea 4.5, yaani watt 54. Kadi inayotaka 75 kupitia hapo inaipasha plagi joto kila unapocheza: plastiki inalainika, inageuka kahawia kando ya pini, pini inalegea, joto linazidi. Mwisho wake ni moshi. Pawa saplai mpya nayo haiingii hivihivi, kwa sababu ubao wa 7020 unatumia plagi ya pini 8 ya Dell na siyo ile ya kawaida ya pini 24. Waya wa kubadilisha kutoka 24 kwenda 8 upo, lakini uuhesabu kwenye bei ya RX 570 kabla ya kusema bei zinalingana.

GTX 1050 Ti inavuta watt 75, na nyingi zinazivuta zote kupitia ubao; zenye tundu la waya wa umeme ziache. Prosesa yako ni watt 84. Ukiongeza diski, feni na ubao uko karibu na 200, na 290 inazibeba bila kulalamika.

Ukiweza kuongeza pesa kidogo, tafuta GTX 1650 isiyo na tundu la waya wa umeme. Zipo zenye tundu la pini 6, hizo ziache. Sababu ni draiva: tawi la 580 la NVIDIA ndilo la mwisho kwa kadi za Maxwell na Pascal, na 1050 Ti ni Pascal. Kuanzia 590 zimeachwa. 1650 ni Turing, bado inaendelea.

Sasa sikiliza hili vizuri. 1050 Ti za bandia ni nyingi. Ni GTS 450 au GTX 550 Ti za zamani zilizoandikwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) mpya ili zijiite 1050 Ti, na kwa DXVK ya leo, inayogeuza michoro ya Windows kuwa Vulkan, hazina thamani yoyote kwa sababu hazina Vulkan kabisa. Usiamini jina linaloonyeshwa kwenye Windows ya dukani. Nenda na flashi yenye Mint, omba kadi ichomekwe, washa kutoka kwenye flashi bila kuweka chochote, fungua terminali, andika:

`sudo dmesg | grep -i nouveau`

Draiva ya nouveau inasoma chipu yenyewe na haitegemei jina la BIOS. Unatafuta mstari wenye neno GP107. Ukiona GF106, GF116 au chochote kinachoanza na GF, rudisha kadi mezani, sema aksanti, ondoka. Kwa GTX 1650 utakuta TU117 kwenye nyingi.

Na kabla ya kufunga kifuniko, fungua feni ya prosesa usafishe. Vumbi letu la makoro (mawe ya volkano) ni zito na lina ncha. Linajaa katikati ya mapezi ya heatsinki mpaka hewa haipiti, prosesa inajipunguza kasi, halafu mtu analaumu Linux.

Sheda_Himbi

Fundi amemaliza sanduku. Niguse magemu, maana hapo distro haina la kufanya.

CS2 na Dota 2 zina toleo la Linux kutoka Valve wenyewe, wenye Steam, na VAC, antichiti yao (programu ya kuzuia udanganyifu), inafanya kazi. Ila kama unacheza CS2 kupitia FACEIT, jukwaa la mashindano, antichiti yao inataka Windows. Steam inaandika giga 85 kwa CS2, zaidi ya theluthi ya SSD yako, basi panga nafasi mapema.

GTA V inapita kwenye Proton (programu ya Steam inayoendesha magemu ya Windows), na hadithi ya mchezaji mmoja inaenda vizuri. Online hapana. Tangu Septemba 2024 imewekewa antichiti ya BattlEye, na ruhusa ya kuiendesha kwenye Linux haijatolewa. BattlEye yenyewe inaweza kufanya kazi chini ya Proton, lakini mwenye gemu ndiye anayeifungua au kuifunga. Kwa hadithi, izime kwenye mipangilio ya launcher ya Rockstar.

FIFA ndiyo itakuumiza. Kuanzia FIFA 23 hadi FC za sasa kuna antichiti ya EA inayofanya kazi ndani ya keneli ya Windows. Proton haina keneli ya Windows ya kuipa, kwa hiyo gemu linakataa hata mechi ya kirafiki na kompyuta. Hakuna ujanja, na anayekuambia kuna ujanja anakupotezea mega. FIFA 22 kurudi nyuma hazina hiyo antichiti, lakini ziliondolewa dukani 2023. Utaipakua ikiwa tu tayari imo kwenye akaunti yako. Hizo nazo zina Denuvo, kinga dhidi ya nakala za wizi: kila ukibadilisha toleo la Proton, Denuvo inaona kompyuta mpya, na ukibadilisha mara nyingi siku moja inakufungia saa 24. Chagua toleo moja la Proton, likikubali usiliguse.

Kama FIFA ya mwaka huu ndiyo sababu ya kompyuta, usihamie Linux. Nasema hivi kwa nia njema kabisa.

Keneli_ya_Katindo

Nachukua swali lenyewe la distro.

Proton na DXVK zinatoka Steam na ni zilezile kwenye distro zote. Tofauti ya fremu kati ya Mint na CachyOS kwenye 1050 Ti ni ndogo, hutaiona bila kupima. Kitu ambacho utakiona kila wiki ni masasisho: yanakula mega ngapi, na nini kinatokea umeme ukikatika yakiwa katikati. Kwa mtu wa Goma mimi napima hapo.

CachyOS ni kazi nzuri, na prosesa yako ina AVX2, hivyo ingepokea pakiti zao zilizoharakishwa. Lakini kuiweka tu kunahitaji intaneti, maana inapakua pakiti wakati wa kujiweka. Baada ya hapo ni familia ya Arch: kila kitu kinabadilika kila siku, na ukikaa mwezi bila kusasisha unadaiwa giga kadhaa kwa mpigo. Watu wanakwepa deni hilo kwa kuweka programu moja tu na `pacman -Sy`. Hapo wanaleta maktaba mpya juu ya za zamani na mfumo unavunjika. Umeme ukikatika pacman (kiweka-programu cha Arch) ikiwa inaandika keneli, unawasha na kukuta keneli mpya isiyo na initramfs, faili la kuwashia mfumo, na utahitaji flashi na chroot, yaani kuingia mfumo wako kupitia flashi, kuirudisha. Juu ya hayo, Arch ilihamia draiva ya 590 Desemba 2025, kwa hiyo mwenye 1050 Ti analazimika kukaa kwenye pakiti ya pembeni ya 580.

Nobara ni Fedora iliyorekebishwa kwa magemu, na deni la mega ni kama hilohilo. Pop!_OS mpya imekuja na COSMIC, eneo la kazi ambalo bado ni changa, iache ikomae.

Chukua Linux Mint 22, ya Cinnamon. Imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, inasasishwa hadi 2029, faili la kuiweka ni karibu giga 3, na haipakui chochote mpaka ubonyeze mwenyewe. Inatumia X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha skrini, ambako draiva ya NVIDIA ya kadi za zamani imetulia. Kadi yako si mpya, hivyo keneli ya karibuni haikuongezei kitu. Angekuwa mtu mwenye kadi iliyotoka mwaka huu, ningejibu vingine.

Umeme ukikatika katikati ya sasisho la Mint, hii ndiyo dawa. Kwenye menyu ya GRUB, inayokuja ukiwasha mashine, chagua chaguo za ziada, ingia kwa keneli ya zamani, fungua terminali:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt --fix-broken install`
`sudo update-initramfs -u -k all`

Mara nyingi amri ya kwanza peke yake inatosha. Usiifute keneli ya zamani hata kama inachukua nafasi, ndiyo mlango wako wa dharura. Na weka Timeshift ipige picha ya mfumo kabla ya kila sasisho kubwa, ikihifadhi kwenye ile diski ya 500.

Draiva: fungua Gestionnaire de pilotes, kisimamizi cha draiva (nadhani mfumo utauweka kwa Kifaransa kama wengi hapa) na uchague nvidia-driver-580. Kuna nyingine jirani yake inayoishia na `-open`. Hiyo ni ya Turing na kuendelea. Ukiiweka kwenye 1050 Ti, ukiwasha tena kadi haitambuliki na unabaki na skrini nyeusi au ya ukubwa mmoja tu. Kwenye 1650 zote mbili zinakubali. Ukishawasha tena:

`sudo apt install vulkan-tools`
`vulkaninfo --summary`

Angalia deviceName. Ikiwa ni jina la kadi yako, vizuri. Ikiwa peke yake ni llvmpipe, prosesa ndiyo inayochora na hakuna gemu litakalokwenda. Steam yenyewe iweke kutoka kwenye duka la Mint kama pakiti ya mfumo, usichukue ya Flatpak. Ya Flatpak imefungiwa chumbani, na diski yako ya pili haitaiona mpaka uipe ruhusa.

Rami: giga 8 kwa CS2 ndiyo kiwango cha chini, na kijiti kimoja kinakunyima njia ya pili ya kumbukumbu. Kijiti cha pili cha giga 8, DDR3-1600, kitakusaidia kuliko kubadilisha distro yoyote. Kabla hujakipata, weka `zram-tools` (inabana data ndani ya rami), fungua `/etc/default/zramswap`, andika `ALGO=zstd` na `PERCENT=50`, kisha `sudo systemctl restart zramswap`.

Ruzizi_Fps

Nawasalimu kutoka Bukavu. Keneli, nakubaliana na kipimo chako ila siyo na jibu. Kama hofu ni umeme kukatika katikati ya sasisho, basi Bazzite ndiyo iliyotengenezwa kwa hofu hiyo. Mfumo mzima ni picha moja. Sasisho linaandikwa pembeni kama picha mpya, na ile unayoitumia haiguswi. Umeme ukatike mara tano, unawasha na kurudi ulipokuwa. Picha mpya inashika pale tu ilipokamilika na ukawasha upya; ikikusumbua, unachagua ya nyuma kwenye GRUB au unaandika `rpm-ostree rollback`. Hakuna dpkg ya kutibu. Steam imo tayari, draiva ya NVIDIA imo tayari, zram imo tayari.

Kosa moja tu la kuepuka: ukurasa wao wa kupakua unauliza kadi yako. Mwenye 1050 Ti achague picha ya GTX 9xx na 10xx, mwenye 1650 achague ile ya 16xx na RTX. Ukichanganya, kadi haiamki.

Keneli_ya_Katindo

Ruzizi, hapo uko sahihi na sina la kupinga: kwa umeme, Bazzite ni imara kuliko Mint. Kinachonizuia ni ruta ya 4G. Faili la kuiweka linapita giga 6, na sasisho moja mara nyingi linapita giga 1 hata kama umebadilishiwa vitu vichache, tena linajianza lenyewe nyuma usipolizima. Mtu mwenye faiba au mwenye rafiki mwenye faiba wa kumpelekea mashine mara moja kwa mwezi, achukue Bazzite bila kusita. Mwenye kununua mega kwa wiki, Mint. Na kwa vyovyote vile anahitaji UPS, betri ya akiba. Ile ya VA 650 haibebi watt 650, inabeba kama 360 hadi 390, na kwa mashine hii ya watt 200 pamoja na skrini inakupa dakika chache za kufunga kwa utaratibu. Zinatosha.

Jambo la BIOS pia: bonyeza F2 ukiwasha, tafuta Power Management, kisha AC Recovery, uiache kwenye Power Off. Umeme wetu ukirudi huwa unarudi na kuondoka mara mbili tatu ndani ya dakika moja. Hutaki mashine ijiwashe yenyewe kila mara na kukatwa diski ikiwa inasoma.

Mwana_Ndosho

Aksanti sana wakubwa, nimeandika yote. FIFA nitaichezea kwa jirani. Nitatafuta 1650, nikikosa nachukua 1050 Ti kwa kipimo cha GP107. Distro ni Mint.

Maswali mawili yamebaki. Rafiki yangu wa Himbi ana CS2 na GTA V kwenye Steam ya Windows. Naweza kunakili kwake badala ya kupakua? Na ile diski ya 500 ni NTFS (mpangilio wa diski wa Windows) yenye vitu vyangu, naweza kuiacha hivyo na kuweka magemu humo?

Sheda_Himbi

La kwanza ndiyo, na Steam inalifanya yenyewe. Tangu 2023 ina uhamisho wa magemu kwenye mtandao wa ndani. Peleka sanduku kwake, unganisha mashine zote mbili kwenye ruta moja kwa waya wa mtandao, Wi-Fi itakuchosha. Kwake na kwako fungua Paramètres (mipangilio), Téléchargements (upakuaji), ruhusu uhamisho wa magemu kwenye mtandao wa ndani, na kwake weka ruhusa kwa kila mtu au kwa marafiki wa Steam. Kisha bonyeza kuweka GTA V kwako. GTA V ni faili za Windows zilezile, hivyo inakuja karibu yote kutoka kwake. CS2 ina sehemu ndogo ya Linux ambayo yeye hana. Hiyo itatoka kwenye intaneti. Kumbuka akaunti yako lazima imiliki GTA V, uhamisho unabeba faili tu, haubebi haki ya kucheza.

Hukohuko kwake, anzisha kila gemu mara moja mpaka menyu ionekane. Mara ya kwanza Steam inapakua Proton, mazingira yake na vitu vidogo vya Windows, na Proton peke yake inapita giga 1. Ukifanya hayo nyumbani kwa 4G utalia. Halafu Téléchargements tena, zima upakuaji wa sheda (programu ndogo za kuchora picha) zilizoandaliwa. Kwa draiva za leo DXVK inaziandaa vizuri papo hapo. Utaona mshtuko kidogo mara ya kwanza kuingia sehemu mpya, kisha unaisha. Giga unazookoa ni nyingi kuliko mshtuko huo.

Umeme ukikatika gemu likawa halifunguki, usilifute. Bonyeza kulia, Propriétés, sehemu ya faili, ukague uzima wa faili. Linapakua vipande vilivyoharibika tu.

La pili hapana. Proton inatengeneza viungo vyenye majina kama `c:` na `z:`, na NTFS haivipendi. Gemu linaanza, linafunga, halikuambii kwa nini. Tena, Windows ikizimwa huku kipengele chake cha kuanza haraka kimewashwa inaiacha NTFS kama imelala, na Linux inaifungua kwa kusoma tu. Hamisha vitu vyako kwa rafiki, ifute diski iwe ext4 (mpangilio wa diski wa Linux), kisha kwenye `/etc/fstab` weka:

`UUID=namba-yako /mnt/magemu ext4 defaults,noatime,nofail 0 2`

Namba unaipata kwa `lsblk -f`. Usisahau `nofail`: diski ya zamani ikigoma siku moja, Mint itaendelea kuwaka bila hiyo. Baadaye `sudo chown $USER:$USER /mnt/magemu`, na uiongeze kwenye Steam. CS2 iweke kwenye SSD, GTA V inaweza kukaa kwenye diski.

Keneli_ya_Katindo

Nyongeza moja, maana mashine nyingi za mitumba hapa zinatoka Ubelgiji na Ufaransa na zina klavye ya AZERTY. Ukiacha Secure Boot (kinga ya BIOS inayokataa programu zisizosajiliwa wakati wa kuwasha) ikiwa imewashwa, wakati wa kuweka draiva ya NVIDIA Mint inaweza kukuomba nenosiri, kisha ukiwasha tena inakuja skrini ya bluu ya kusajili ufunguo. Skrini hiyo haijui AZERTY, inasoma QWERTY. Nenosiri lenye a, q, z, w, m au tarakimu litakataliwa hata ukiliandika sawasawa mara kumi, na bila kusajili, draiva haipakiwi.

Njia nyepesi ni kuzima Secure Boot kwenye F2 kabla ya kuanza. Ukitaka kuiacha, chagua nenosiri la herufi zinazokaa mahali pamoja kwenye klavye zote mbili, zisipungue nane. `vitunguu` inafaa. Na uwe umekaa mbele ya mashine inapowaka: skrini ile inasubiri sekunde 10 tu, usipobonyeza kitu inapita, na itabidi uombe usajili upya kwa `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`.